Mkono Uliofunika Jua

Wodi ya kifua, kitanda cha saba
Jumatatu, 3 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujamaliza kuchana bahasha. Karatasi ya kwanza ni ya Mama, msomee jioni akishakunywa chai. Hii ya pili ni yako peke yako. Usizichanganye tena, tafadhali. Mara ile ulipomsomea habari ya damu kwenye leso alilia mpaka asubuhi, na lawama zote nikabebeshwa mimi niliyelala huku sina hili wala lile.

Dirisha langu linatazama ukuta wa chumba cha kufulia. Ukuta! Mimi ambaye kazi yangu pale kituo cha hali ya hewa ilikuwa kutoka nje kila saa, kuinua kichwa na kuandika mawingu ni ya aina gani na yamefunika mbingu kiasi gani. Tangu niletwe hapa sijaona wingu zima. Naona mvuke wa mashuka tu. Muuguzi ananiambia nishukuru kwamba nina dirisha. Haya, nimeshukuru. Sasa naitaka mbingu.

Kamera ya marehemu Baba iko juu ya kabati, nyuma ya sanduku la vyombo. Kiwanda chenu cha mawe kina paa bapa. Panda, unipigie mawingu, ukayasafishe kwa mpiga picha wa kona, unitumie. Zaidi ya yote nataka pete ya jua. Ngoja siku ambayo mawingu ni membamba na yako juu kabisa, mbingu ikiwa na weupe wa maji ya kuoshea mchele. Jua litakuwa limezungukwa na duara kubwa, upande wa ndani jekundu kidogo.

Usilichungulie jua kwenye kitundu cha kamera. Utapofuka, na nyumba moja haihitaji wawili wasioona vizuri, Mama anisamehe. Nyoosha mkono wa kushoto mbele yako, tanua vidole, kidole gumba kifunike jua. Kidole cha mwisho kitafika kwenye pete. Ni shubiri moja, siku zote. Mkono uonekane kwenye picha, la sivyo jua litaichoma filamu na nitapata karatasi nyeupe.

Fanya hivyo, nami nitakula uji wao bila kulalamika.

Dada yako


Nyumbani
Alhamisi, 20 Februari

Shikamoo Dada,

Amri imetekelezwa, ila kwa aibu. Filamu ya kwanza nilipokwenda kuichukua, mpiga picha wa kona alinisogezea bahasha na kuniuliza kwa upole, "Kaka, hizi ulizipiga ukiwa unaanguka?" Nyingi ni paa. Chache ni kiatu changu. Moja ni pua ya Mrefu, yule ninayeshirikiana naye msumeno wa mawe, alikuja kuchungulia ninafanya nini.

Kiwandani sasa jina langu ni Mnajimu. Kila nikishuka ngazi Mrefu ananiuliza kama mwaka huu ataoa. Nimemwambia nyota yake inaonyesha msumeno, vumbi na upweke mpaka uzeeni. Msimamizi yeye anadhani napanda kukwepa kazi. Namwacha adhani.

Lakini Jumanne mchana, Dada! Nimefika juu, nikainua kichwa, na pete hiyo hapo, nzima, haina mahali ilipokatika. Nilisahau hata nilichokifuata. Nikakaa kwenye bati la moto kama mtu aliyetumwa kitu akasahau. Halafu nikanyoosha mkono ulivyosema: gumba kwenye jua, cha mwisho kwenye pete. Kweli, shubiri moja! Chini barabarani watu wanapita na mizigo yao, hakuna hata mmoja anayetazama juu. Nilitaka niwapigie kelele, ila pumzi yote niliiacha kwenye ile ngazi.

Picha ndiyo hiyo, ya juu kabisa kwenye bahasha.

Mama hajambo, isipokuwa macho, ukungu unazidi. Karatasi yake namsomea mara mbili kila ikifika. Dua zake ni zako tangu alfajiri. Mimi ananitaja mwisho, kama muda umebaki. Juzi kaniambia, "Wewe Mungu kakupa mwili wa punda, mshukuru." Nimemshukuru.

Mdogo wako,
Kitinda


Wodi ya kifua
Jumapili, 2 Machi

Kitinda,

Nimeibandika kwenye kabati langu la kitandani kwa plasta niliyoiba kwenye trei ya dawa. Wodi nzima imepita kuitazama. Bibi wa kitanda cha nane ameuliza kama ni jicho la Mungu. Nikamwambia ni barafu. Akaniambia nipunguze kiburi, nitakufa nacho.

Lakini ni barafu kweli. Juu kule, juu kabisa, mawingu hayo membamba ni chembe za barafu, na mwanga wa jua unapinda ukipita ndani yake. Barafu ipo juu ya vichwa vyenu, nanyi chini jasho linawatiririka. Halafu sikia hili, hili ndilo lililonifanya nipende kazi ile. Hakuna watu wawili wanaoona pete moja. Mtu aliyesimama pembeni yako anaona mwanga uliopita kwenye chembe nyingine. Kwa hiyo pete ile ilikuwa yako, na isingekuwa picha hii ingeondoka nawe.

Sasa kuna jambo, nalo usilifanyie mzaha. Huo mkono wako una nini?

Ncha za vidole zimefura. Nimeitazama picha asubuhi, nimeitazama mchana, nimempa muuguzi bila kumwambia ni mkono wa nani. Akaniuliza, "Huyu yuko wodi gani?" Kitinda, hapa daktari akipita asubuhi hashiki kifua kwanza, anashika mikono. Mwenye ugonjwa wa siku nyingi kwenye mapafu vidole vyake hugeuka virungu. Wapo wawili humu.

Fanya hivi. Chukua vidole viwili vya shahada, vipatanishe ukucha kwa ukucha, uvinyanyue kwenye mwanga. Kwa mtu mzima wa afya, katikati ya kucha hubaki kitundu kidogo na mwanga hupita. Kama haupiti, usinijibu kwa barua. Nenda hospitali moja kwa moja.

Niambie ukweli. Mimi nimekulea.

Dada


Nyumbani
Ijumaa, 14 Machi

Shikamoo Dada,

Nilijua tu. Mtu akilazwa muda mrefu anaanza kuwaona wote wagonjwa. Vidole vyangu ni vya fundi mawe, ulitaka viwe vya mwimbaji? Msumeno unatetemeka kutwa nzima, lazima vifure. Hata vya Mrefu vimefura, na kichwa chake pia.

Nimejaribu ulivyosema. Mwanga unapita, tena mwingi.

Hapo kuna picha mbili mpya za pete, na mawingu ya magamba niliyoyakuta jioni moja, mbingu nzima imejipanga kama samaki aliyelazwa ubavu. Ile ya kwanza nimefunika jua kwa mfuniko wa sufuria, inakuwa rahisi zaidi, mkono hauchoki. Mama anautafuta mfuniko wake mpaka leo na anamtuhumu jirani. Tafadhali usinichongee.

Habari nyingine hakuna. Kula uji wako.

Kitinda


Wodi ya kifua
Jumanne, 25 Machi

Kitinda,

Unaniona mtoto?

Picha ya kwanza, mfuniko wa sufuria. Picha ya pili, mkono. Nikashusha pumzi, nikasema afadhali. Kisha nikaangalia tena. Mkono ule una vidole virefu vyembamba, na kovu kwenye kifundo. Huo si wako, bila shaka ni wa huyo Mrefu wako! Umempandisha kijana wa watu juu ya paa akaazime mkono wake ili unidanganye mimi. Mimi, niliyekukata kucha hizo mpaka ulipoanza shule!

Mwanga haupiti. Ungepita, usingeuficha mkono.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umelisikia neno hilo toka utotoni na leo ndiyo unalifanyia kazi. Kwa hiyo na mimi nimeamua. Tangu Ijumaa sijameza dawa. Naziweka chini ya ulimi, muuguzi akigeuka nazitema kwenye beseni la kunawia. Nitaanza tena siku utakayoniandikia kwamba umekwenda kwa daktari, amekwambia nini, na amekupa nini. Daktari wetu amesema dawa hizi zikikatizwa ugonjwa unarudi umejifunza, na safari ya pili hausikii tena. Najua. Ndiyo maana nafanya hivi, sina kitu kingine cha kukutishia nacho.

Nina hasira, na nina hofu. Mama msomee karatasi yake. Nimemwandikia kwamba nanenepa.

Dada


Nyumbani
Alhamisi, 3 Aprili

Dada,

Hivi una akili? Sikusalimii, utanisamehe. Nimesoma barua yako nimesimama, ikabidi nikae kwenye ngazi ya kiwanda watu wakinipita. Unatema dawa! Kuna watu humo wodini wamekufa wakiziomba, na wewe unazitema kwenye beseni! Halafu mimi ndiye mtoto?

Nimekwenda. Umeshinda, furahi. Nimepigwa picha ya kifua, daktari mwanamke, mkali kama wewe. Amesema ni vumbi limekaa kifuani, limeleta kikohozi. Amenipa dawa ya maji na kuniambia nivae kitambaa puani. Vidole amesema ni maumbile, Baba alikuwa navyo. Basi. Kuna kingine?

Meza dawa. Nakuomba kwa jina la Mama, meza leo hii, kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Nimemwambia Mama nimekwenda mjini kununua filamu. Uongo wote huu ni kwa sababu yako.

Nimekutumia kitu ambacho sijui jina lake. Jua lilikuwa chini, saa ya kutoka kazini, na kando yake kukawa na jua jingine dogo, lenye rangi. Mrefu ndiye aliyeliona kwanza. Sasa hata yeye anatazama juu.

Kitinda


Wodi ya kifua
Jumapili, 13 Aprili

Mdogo wangu,

Nimemeza. Nilimeza nikiwa nimeishika barua yako, bila maji. Bibi wa kitanda cha nane akasema, "Leo umepona kiburi." Nililia, Kitinda. Nimelia kwa furaha kama mjinga. Dawa ya maji tu! Nisamehe kwa ukali wangu. Nisamehe na kwa kulisahau hilo la Baba, mimi sikumbuki vidole vyake, nakumbuka tu jinsi alivyokuwa akipiga mluzi akifunga viatu.

Hicho ulichopiga ni jua bandia. Ni barafu ileile, ila chembe zake zimelala bapa, ndiyo maana hupati duara, unapata vipande viwili tu, kulia na kushoto. Wewe umekipata cha kulia. Kushoto pengine kulikuwa na paa.

Nina habari. Vipimo vyangu vya mwezi huu vimetoka safi, pamoja na upuuzi wangu. Daktari amesema vikiendelea hivi, Julai naweza kurudi nyumbani. Juzi nimeruhusiwa kukaa uani robo saa. Mbingu ilikuwa tupu, buluu moja kwa moja, hakuna cha kuandika. Niliitazama yote.

Acha kazi ya mawe. Nikirudi tutajua la kufanya. Na uniandikie jina la hiyo dawa ya maji, muuguzi anataka kuijua.

Dada yako akupendaye


Wodi ya kifua
Ijumaa, 9 Mei

Kitinda,

Mwezi umekaribia kuisha tangu nikuandikie. Posta wamelala, au wewe? Sikuulizii picha. Nakuulizia wewe. Hata karatasi yenye neno moja itanitosha, andika "nipo" unitumie.

Sijaruka dawa hata siku moja. Nakwambia ili usitafute kisingizio cha kukasirika.

Dada


Nyumbani
Jumapili, 18 Mei

Shikamoo Dada,

Nipo.

Naandika kidogo kidogo, tangu juzi, maana nikikaa muda mrefu pumzi inakatika. Nimechoka kukudanganya. Kudanganya kunahitaji nguvu.

Kwa daktari sikwenda Aprili. Nilikwenda mwaka jana, Septemba, kabla hujalazwa. Aliiweka picha ya kifua changu mbele ya taa. Wewe ungeipa jina mara moja. Mimi niliona mavundevunde tu, kulia na kushoto, mpaka chini. Akaniambia ni vumbi la mawe, limeyafanya mapafu kuwa magumu, na kwamba hakuna dawa ya kuyalainisha. Angenipa za kutuliza. Nikamuuliza muda gani. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Akasema, "Afadhali." Daktari yule hakuwa mkali, Dada. Hilo nalo niliongopa. Ilikuwa afadhali angekuwa mkali.

Nikarudi nyumbani na maneno yangu yote mdomoni. Nikafungua mlango nikakukuta umekaa kitandani unakohoa, Mama amekushika mgongo, ile leso ya kwanza yenye damu iko mapajani mwako. Nikasema moyoni, haya, zamu yake kwanza. Yeye ana dawa inayotibu, mimi sina. Nikafunga mdomo. Wala sikujiona shujaa, nilijiona mtu aliyeahirisha.

Ulipoacha dawa kwa ajili yangu, nilipanda juu ya paa nikalia. Ungekufa bure, ukinisukuma nifike mahali nilikokwisha kufika. Ndiyo maana nikatunga dawa ya maji. Haina jina. Mwambie muuguzi anisamehe.

Sasa sipandi tena. Msimamizi ameniachisha kazi kwa maneno mazuri. Picha ya leo ameipiga Mrefu, ni mawingu ya manyoya tu, pete haikutokea. Alinibembeleza nipande naye, nikafika ngazi ya nne.

Mama hajui. Anadhani ni likizo. Juzi amenituma ndoo mbili za maji, akanigombeza kwamba nimekaa huko kuzungumza na wasichana. Nikamwambia ndiyo, wawili. Alicheka sana. Usimwambie, Dada. Yule moyo wake umeshazoea kubeba mgonjwa mmoja. Acha urudi Julai, umshike mkono, ndipo ajue. Mimi nitajitahidi nifike Julai.

Na meza dawa. Mama atabakiwa na mtoto mmoja, na ni lazima awe anayetembea.

Niandikie karatasi ya Mama yenye vichekesho. Nikimsomea akicheka, na mimi napumzika.

Kitinda


Wodi ya kifua
Jumatano, 28 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Leo kuna karatasi moja tu, hii yako. Mwambie Kitinda asitafute ya pili ndani ya bahasha. Na mwambie asome taratibu, apumzike kila anapotaka, hakuna haraka.

Mimi naendelea vizuri. Nameza dawa zote mbele ya muuguzi na kufungua mdomo aone. Vipimo vimetoka safi tena. Julai nitarudi, Mungu akipenda, na nimeomba wanipe ruhusa ya siku moja kabla ya hapo, nije hata kwa kufunikwa pua na mdomo. Hiyo ndiyo habari yangu yote. Yaliyobaki si yangu.

Mama, dua zako zimenifikia. Nilikuwa natapika usiku na mchana, leo nakula. Sasa nakuomba uzigeuze. Wa kuombewa yuko hapo ulipo, kwenye kiti cha karibu yako, ameshika karatasi. Mwanao ana kifua kibovu kuliko changu. Ni vumbi la mawe, na daktari amemwambia kwamba dawa yake hakuna. Anajua tangu mwaka jana. Alirudi siku hiyo aje akwambie, akatukuta mimi na wewe tunalia na leso, akaona aibu kuongeza lake. Tangu hapo amelibeba mwenyewe, pamoja na ndoo zako za maji.

Siku ile ya ndoo mbili hakukuwa na wasichana, Mama. Alikuwa amekaa njiani anatafuta pumzi.

Usijilaumu, hukujua. Mimi nimefanya kazi ya kutazama miaka yote, na nimekaa naye nyumba moja, sikuona mpaka nilipotumiwa mkono wake kwenye picha. Usimgombeze pia. Lia naye, ni haki yake kuliliwa angali anasikia. Usimwache akae na jambo hili peke yake mpaka Julai kwa kuningoja mimi. Hatuna uhakika na Julai, Mama. Na mtu asife akiwa anasifiwa mwili wa punda.

Kitinda, uliniomba nisimwambie. Sikumwambia. Umemwambia wewe, kwa sauti yako, ukiwa umekaa karibu naye, na nilitaka iwe hivyo. Nichukie ukipenda. Nitakuwa dada yako hata ukinichukia.

Mama, akinyamaza hapa, usimhimize aendelee. Barua imekwisha. Mshike.

Binti yako